Maonyesho ya sanaa kuhusu muda: nendeni, ila msiende na haraka

Nimetoka kuangalia maonyesho ya wasanii walioufanyia kazi muda wenyewe, ngoja niandike ningali na moto.

Aliyenikamata ni Roman Opałka wa Poland. Jamaa alianza 1965 kuandika namba kwa brashi kwenye turubai, 1, 2, 3 na kuendelea, na hakuacha mpaka alipofariki 2011, namba ya mwisho 5,607,249. Ukiwa mbali unaona ukungu wa kijivu tu na wengi niliokuwa nao walipita hivihivi, aisee walikosa! Sogea karibu kabisa. Namba ndogooo, zinaanza nyeupe kali, zinafifia kadiri rangi inavyoisha kwenye brashi, afu ghafla nyeupe tena, kachovya upya. Yaani ni kama unamsikia anapumua. Kuanzia 1972 kila turubai jipya aliliongezea asilimia 1 ya weupe kwenye rangi ya kijivu iliyo nyuma ya namba, kwa hiyo miaka ilivyosogea namba zake zikawa zinamezwa taratibu. Na kila akimaliza kazi ya siku anajipiga picha, shati jeupe, anatazama mbele vilevile, zimepangwa ukutani unaona nywele zinavyogeuka mvi. Hapo nilitoa simu nikaitafuta picha ya baba ya zamani, nikaiangalia, nikairudisha mfukoni.

Kuna na Tehching Hsieh. Huyu 1980 mpaka 1981, mwaka mzima, kila saa mchana na usiku alikuwa anapanchi kadi kwenye mashine ya mahudhurio kama mfanyakazi wa kiwandani na kujipiga picha moja. Alianza na kipara, kwenye filamu ya dakika kama 6 nywele zinakua mpaka mabegani. Saa 133 kati ya 8,760 zilimpita na zote kaziorodhesha na sababu zake, mi hicho ndo nimekiheshimu, hakuficha.

On Kawara, yule aliyekuwa anachora tarehe ya siku tu kwenye turubai, nilimpita mbio, picha isipoisha siku hiyohiyo alikuwa anaiharibu, nlitaka nikae nayo ila ndo hivyo.

Kilichoniuma: tiketi ni ya saa moja tu, viti hamna, na maelezo yameandikwa kwa herufi ndogo hadi watu wazima wanainama. Kazi za namna hii zinataka mtu akae jamani, mtuongezee hata nusu saa.

Nyota 4 kati ya 5. Tiketi ya kurudi nshakata, safari hii naanzia kwa Kawara.