Mwanamke wa ghorofa ya tatu: uzoefu wangu na Wide Sargasso Sea

Nilisoma Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë kuhusu mwalimu wa nyumbani anayempenda mwajiri wake, Rochester, nikiwa shuleni, na kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa namjua Bertha Mason. Ni yule mke mwendawazimu wa Rochester aliyefungiwa ghorofani. Anacheka usiku, anachoma kitanda, anang'ata watu, na mwishowe anajirusha kutoka juu ya nyumba inayoungua. Nilikuwa upande wa Jane mwanzo mwisho, na nilipofika kwenye moto ule nilishusha pumzi kwamba sasa kizuizi kimeondoka, Jane na Rochester waoane. Sikumlilia Bertha hata kidogo.

Kwa hiyo nilipokishika Wide Sargasso Sea, kitabu cha Jean Rhys kinachosimulia maisha ya Bertha tangu utotoni, kilichotoka mwaka 1966, miaka 119 baada ya kile cha Charlotte Brontë, nilitegemea kukuta utetezi. Nilidhani mwandishi atamsafisha Bertha na kumpaka Rochester matope. Sivyo nilivyokuta.

Niseme kwanza jinsi nilivyokisoma, kwa sababu ilinigharimu. Mara ya kwanza nilikisoma peke yake, nikapotea. Ni kitabu chembamba, lakini wasimulizi wanapokezana. Sehemu ya kwanza anasimulia Antoinette, msichana anayekulia Coulibri, shamba la miwa lililochakaa huko Jamaika. Sehemu ya pili anaingia mume wake, ambaye hatajwi jina popote kitabuni. Katikati yake Antoinette anarudi ghafla, kisha mume tena, na hakuna anayekuambia kwamba sasa anasema fulani. Nilirudia kurasa mara tatu tatu.

Mara ya pili nilikuwa na vitabu vyote viwili mezani. Nilipitia Jane Eyre nikiweka alama kila mahali Bertha anapotokea, na nikashangaa jinsi palivyo pachache. Kicheko katika sura ya 11. Kitanda kinachoungua, sura ya 15. Kaka yake, Richard Mason, kuchomwa kisu na kung'atwa, sura ya 20. Shela ya bibi harusi, sura ya 25. Kisha anaonyeshwa mchana kweupe katika sura ya 26, na kifo chake tunakisikia kwa mdomo wa mtu mwingine katika sura ya 36. Kauli yake moja tu ndiyo iliyotufikia, nayo tunaipata kwa kuambiwa: Richard anasema dada yake alitishia kuukamua moyo wake damu. Riwaya ya sura 38, na mke wa kwanza wa mwenye nyumba ameachiwa tishio moja.

Kitu kingine nilichokiona safari hiyo ni jina. Ndoa ya Jane inapozuiwa kanisani, wakili anasoma hati inayomtaja mke aliye hai: Bertha Antoinetta Mason, aliyefungishwa ndoa Spanish Town, Jamaika. Nilikuwa nimelipita jina hilo la katikati bila kusimama. Rhys alisimama hapo. Katika kitabu chake msichana anaitwa Antoinette, na ni mume anayeanza kumwita Bertha, kwa sababu tu yeye analipenda hilo. Antoinette anakataa. Anamwambia kwamba kumbadilisha mtu jina ili awe mtu mwingine nako ni uchawi. Nilifunga kitabu kwa muda baada ya hapo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikimwita Bertha miaka yote.

Rhys alizaliwa Roseau, Dominika, mwaka 1890, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka 16, na inaonekana katika kila ukurasa kwamba visiwa vile si pazia la nyuma kwake. Amekiweka kisa miaka ya baada ya watumwa kuachiwa. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1833 ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Walioachiwa walifungwa tena kwa kile kilichoitwa uanagenzi, yaani kazi ya lazima kwa mabwana walewale, hadi 1838, na fidia ya pauni milioni 20 ikatengwa, si kwa waliotumikishwa bali kwa waliowatumikisha. Mwanzoni kabisa yumo jirani anayesubiri fidia hiyo. Inachelewa. Jioni moja bahari imetulia, anampiga risasi mbwa wake, anaogelea, haonekani tena. Ni mistari michache tu, na imetosha kunionyesha tabaka zima likizama. Antoinette ni mtoto wa tabaka hilo. Weusi wanamwita mende mweupe, Waingereza hawamhesabu kuwa mwenzao. Rhys hafichi utajiri wa familia ile ulitoka wapi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikipende kitabu hiki. Riwaya za namna hii, za kuchukua mhusika mdogo na kumpa usukani, nyingi nilizosoma zinakosea mahali pamoja: zinabadilisha matukio ili mhusika wao apendeze. Rhys hagusi matukio makuu. Richard anashambuliwa vilevile. Nyumba itaungua vilevile. Anachofanya ni kukuweka ndani ya chumba dakika moja kabla.

Mfano ni huo wa Richard. Kwa Brontë tunamwona akivuja damu, tunaambiwa dada yake ni mnyama, basi. Kwa Rhys, Grace Poole, yule mlinzi wake, anamkumbusha Antoinette asubuhi yake kilichotokea, kwa kuwa mwenyewe amesahau. Richard alikuja, akamwambia kwamba hawezi kuingilia kisheria kati ya mtu na mkewe. Grace anasema alikuwa mle chumbani ila hakuyasikia yote, lakini alilisikia neno hilo, "kisheria", na ndipo mwanamke akamrukia. Kumbuka sheria yenyewe ilikuwaje. Mke Mwingereza wa wakati ule mali yake ilihamia kwa mume siku ya ndoa, kama haikuwekewa mkataba wa kumlinda, na hali hiyo ilianza kulegezwa na sheria za mwaka 1870 na 1882. Rochester mwenyewe anakiri katika Jane Eyre kwamba ndoa ile ilikuja na pauni 30,000. Kwa Rhys shangazi mzee anamsihi Richard amwekee Antoinette ulinzi wa maandishi, naye anapuuza. Halafu huyuhuyu Richard anakuja kumwambia dada yake habari za sheria. Nilipolisoma neno lile nililisikia kama alivyolisikia yeye.

Kuhusu mume, mwandishi amekuwa jasiri. Amempa sehemu kubwa kabisa ya kitabu. Unaishi kichwani mwake: kijana wa pili kuzaliwa, asiyerithi kitu, amepata homa, rangi za milima zinamchosha macho, kila mtu anajua jambo ambalo yeye halijui. Nilimwonea huruma. Nilipoona chuki inaota ndani yake nilielewa kila hatua, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kama angekuwa shetani tangu mlangoni.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito. Christophine, mwanamke mweusi kutoka Martinique aliyemlea Antoinette, ndiye mwenye akili kuliko wote humu. Anamkabili mume uso kwa uso, anamwambia amefanya nini na kwa sababu gani, na mume hana jibu la kumpa. Kisha Christophine anaondoka bila kugeuka nyuma, na kitabu hakimtaji tena kwa maana yoyote ya maisha yake mwenyewe. Inauma kuona kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu aliyesahauliwa kikimtumia mwingine kama ngazi. Hiyo ndiyo nyota moja ninayoiondoa; nakipa nne kati ya tano.

Kwa anayetaka kukisoma: anza na Jane Eyre, angalau sura ya 11 hadi ya 27, ndipo uje hapa. Ukianza na hiki, sehemu ya tatu, ile fupi ya Uingereza, itakupita bila kukugusa. Na usikimbilie. Kuna gauni jekundu ambalo Antoinette analihifadhi kabatini kule ghorofani, lenye harufu ya mdalasini, vumbi na mindimu iliyochanua. Anaamini kwamba angelivaa siku ile Richard angemtambua. Ukisoma kwa haraka utadhani ni mambo ya nguo.

Kitu cha mwisho nilikikuta usiku nilipokuwa nikilinganisha vitabu. Coulibri inapochomwa moto, Antoinette mdogo anamkimbilia Tia, rafiki yake mweusi, akitaka kubaki kuishi naye. Tia anamrushia jiwe. Wanatazamana, mmoja ana damu usoni, mwingine machozi, na Antoinette anahisi kama anajiona kwenye kioo. Baadaye, akiwa amefungiwa Uingereza, anasema chumbani hamna kioo na hajui tena anafananaje. Nikafungua sura ya 25 ya Jane Eyre. Jane anasimulia kwamba mwanamke mrefu aliingia chumbani kwake na mshumaa, akaichukua shela, akaivaa kichwani, kisha akageuka kuelekea kwenye kioo. Ndipo akaivua, akaipasua vipande viwili, akaikanyaga. Nilipokuwa shuleni nilikumbuka kupasua tu. Kumbe kabla ya hapo alikuwa amesimama akijitazama.