TAHADHARI: Anayeuza "seva ya klaudi" Pemba, msimpe hata senti moja

Assalaam alaykum jamaa zangu. Hii nimeiandika na kuifuta mara tatu tokea Jumapili. Leo naiacha isomwe, kwa sababu nimepata habari kuwa yule kijana sasa yuko Mkoani, anazungumza na skuli moja ya binafsi na duka moja la dawa, na maneno anayowaambia ni yale yale aliyotwambia sisi. Jina lake silitaji hapa, shauri liko polisi na nimeombwa nisiliharibu. Anayetaka kujua anipigie, nitamwambia.

Wa Wete mnaijua ile habari ya kompyuta ya ofisi ya ushirika wetu wa akiba na mikopo, iliyoungua kwa umeme, sirudii. Baada ya ile, kamati nzima ilinigeukia mie katibu: tafuta njia, hesabu za watu 418 haziwezi kukaa ndani ya boksi moja linaloweza kuungua. Mie ndiye niliyesema klaudi, yaani hesabu zikae kwenye seva, kompyuta ya kukodi ya kampuni kubwa, na sisi tuzifungue kwa intaneti. Mie ndiye niliyemleta. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata pesa.

Alikuja Alkhamisi moja ya Februari 2024, baada ya Alasiri. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya mkono, mkoba wa laptopu begani. Nilimwekea kahawa na halua. Akainamisha kichwa, akasema, "Nimefunga leo dada, nifungie kidogo nikafuturie nyumbani." Nikamfungia ile halua yote kwenye karatasi. Naandika hapa na mkono unatetemeka, maana mimi nadhani alinipata pale pale, kwenye halua, kabla hajafungua hata mkoba. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho la kusema huyu ana adabu, huyu mtoto wa watu.

Akafungua laptopu, akaiunganisha na intaneti ya simu yake. Hakutuonesha picha za kuokota. Alituonesha ukurasa wenyewe wa kampuni kubwa la Marekani, moja ya yale matatu ambayo kila mtu anayajua. Akabonyeza mahali pa kuchagua mji, akachagua Afrika Kusini. "Bi Katibu, hesabu zenu zitalala hapa. Si mbali kama Ulaya, programu yenu ya hesabu itafunguka haraka." Akaiunda mashine, yaani ile seva ya kukodi, mbele ya macho yetu. Dakika mbili tu ikaandika kuwa inafanya kazi. Mzee mmoja wa kamati alisema Subhanallah kwa sauti.

Asije mtu akaniambia sikuchunguza. Usiku ule nilikaa na simu hadi saa sita nasoma. Ni kweli Microsoft walifungua vituo vyao vya seva Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, na Google wakafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Ni kweli hapa kwetu Tanzania hakuna hata mmoja wao mwenye kituo cha namna ile. Ni kweli bei inahesabiwa kwa saa ambazo mashine iko hewani, na ukijifunga mwaka mmoja au mitatu unapunguziwa. Kila alilosema nililikuta. Nikalala nimetulia.

Alipokuja mara ya pili alichukua karatasi akatuandikia bei. Akasema kulipa kwa saa ni kama umeme wa tukuza, ile mita ya kununua uniti, unatumia unalipa, lakini nyinyi mashine yenu inawaka usiku na mchana, kwa hiyo ni nafuu mlipe mwaka mzima. Mashine yenye kumbukumbu ya GB 16 na prosesa 4, dola 95 kwa mwezi. Mkilipa mwaka, nawatolea asilimia 20, inakuwa dola 912. Kazi ya kufunga, laki nne. Mwenyekiti akauliza kwa nini dola. Akajibu kwa upole kuwa kampuni linatoza kwa dola na linataka kadi, na kwa kuwa ushirika hauna kadi ya kulipia mtandaoni, "Msihangaike. Nitawalipia kwa kadi yangu, nyinyi nipeni shilingi." Na kweli kadi hatukuwa nayo. Tulimshukuru! Mbele yake tulimshukuru. Nikahesabu kwa mkono wangu shilingi 2,725,600, akatukatia risiti yenye mhuri.

Sasa sikilizeni namna alivyotufunga kamba. Mei ile ile ya 2024, mnakumbuka, zile nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikakaa bila intaneti ya maana. Programu yetu haikufunguka. Nilimpigia nimechanganyikiwa, akanieleza vizuri mno: data ziko salama Afrika Kusini, njia ya kwendea ndiyo iliyokatika, subirini. Tukasubiri, mambo yakarudi, na kila tarakimu ilikuwa mahali pake. Tokea siku ile, mtu yeyote kwenye kamati akimtilia shaka, mie ndiye niliyemtetea.

Februari 2025 akaja kuchukua ya mwaka wa pili. Dola 912 nyengine, milioni mbili na laki nne kasoro kidogo. Hakukaa hata robo saa.

Jumatatu tarehe 26 Mei 2025 nilifungua ofisi saa mbili. Idd Kubwa iko karibu, foleni imefika barazani, watu wanataka pesa za nguo na mbuzi. Naandika anuani ya programu, ukurasa hautoki. Naandika tena. Nikazima simu nikawasha. Kuna mama amekaa mbele yangu na mtoto mgongoni, ananitazama vidole. Nikampigia yule kijana, akapokea mlio wa kwanza: "Ni nyaya tena dada. Kama mwaka jana. Siku mbili tatu." Na mie nikatoka nje nikawaambia watu, kwa mdomo wangu mwenyewe, ni nyaya za baharini. Wakati simu zao mikononi zinacheza video! Sikuliona hilo. Siku tisa nilirudia maneno yale. Siku ya kumi simu yake haikupatikana na haijapatikana hadi leo.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu anayesoma kompyuta chuo kikuu cha SUZA, alikuja na boti kwa ajili ya Idd. Akaomba barua pepe ya ofisi, akaenda kwenye lile kapu la barua taka. Zilikuwepo tatu, tokea Aprili. Yule kijana siku ya kwanza aliijaza anuani ya ofisi kwenye sehemu ya bili, labda kwa kutufurahisha, akasahau. Barua zinasema kadi imekataa, deni ni dola 16 na senti, akaunti itasimamishwa.

Dola 16.

Akanieleza taratibu, nami kila akieleza nazidi kuishiwa nguvu. Mteja mpya wa kampuni lile alikuwa anapewa mashine moja ndogo bure, saa 750 kila mwezi, kwa miezi 12. Mwezi wa siku 31 una saa 744, kwa hiyo mashine inawaka mwezi mzima bila kulipa chochote. Mashine yenyewe ina kumbukumbu ya GB 1, si 16. Ndiyo maana mwisho wa mwezi, tukipiga hesabu za mikopo, ilikuwa inaganda, na akitwambia bando letu dogo. Mwaka mzima wa kwanza hakulipa kitu. Pesa zetu zote zilikuwa za mfukoni mwake. Muda wa bure ulipokwisha bili ya haki ilianza kuja, na hata ile, isiyofika dola 20 kwa mwezi, hakuilipa, na dola zetu 912 anazo!

Kumbe na ule mfano wa tukuza ni uongo. Tukuza unalipa kabla, ukimaliza taa inazimika. Kule unatumia kwanza, bili inakuja mwezi ukiisha.

Tukaliandikia kampuni. Tukasema tunalipa sisi deni lote, leo hii, tufungulieni. Jibu lilikuja la heshima: akaunti ni ya aliyeifungua, na aliyeifungua ni yeye, kwa barua pepe yake na kadi yake. Sisi hawatujui. Siwalaumu, wangefanya vyengine ningeweza na mie kwenda kudai akaunti ya mtu. Na zile nakala za hesabu ambazo alitwambia eti zikichukuliwa kila usiku? Zilikuwa ndani ya akaunti hiyo hiyo. Mtoto akaniambia Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja wengi ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Hata makampuni ya kweli yanaungua. Nakala ikilala na asili yake si nakala.

Karatasi tulizochapisha zinaishia Januari 2025. Watu waliotoa pesa za Idd Ndogo mwisho wa Machi, hatuna. Walioweka pesa za karafuu Februari, hatuna. Kuna bibi wa Gando, mnamjua baadhi yenu, anayo stakabadhi ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kwamba aliuza, lakini kidaftari chake cha ushirika kiliroa mvua za masika. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu mie nakuamini wewe." Nilikwenda kulia chooni.

Huyu mtu afungwe. Nasema bila kuficha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na itumike kwake, si ile ya kumkamata leo akarudi nyumbani Ijumaa. Arudishe milioni tano, arudishe na heshima ya kamati iliyomwamini. Na kama ana wazee, nao waje wakae na yule bibi wa Gando wamsikilize. Mtu aliyeiba mbuzi tunamjua wa kumfanya nini, huyu kaiba hesabu za watu 418 halafu anatembea na mkoba begani Mkoani! Polisi wa Mkoani, kama mnasoma, faili liko Wete.

Kwa mliokwisha kumpa, au mnaotaka kumpa: muulizeni akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani. Ikiwa si yenu, simameni hapo hapo, msisikilize la pili. Mwambieni afungue kwa barua pepe ya ofisi mbele yenu, na paswedi mkae nayo nyinyi. Kadi ya kulipia tafuteni, benki zinatoa, sisi sasa tunayo. Ombeni kuiona bili ya kampuni yenyewe kila mwezi, si risiti yake ya mhuri. Kwa hesabu za watu mia nne hivi, mashine ndogo ya bei moja isiyobadilika kwa mwezi, dola 10 hivi, inatosha, sisi hatukuhitaji kabisa ile biashara ya kulipa kwa saa na mikataba. Na jambo jengine, kuingiza data kule ni bure ila kuzitoa nyingi kunatozwa, nalo hakutwambia, ingawa kwa vitabu vyetu vidogo isingefika kitu. Na kama leo bado programu yenu inafunguka, msisubiri. Ingieni usiku huu mshushe kila kitu kwenye flashi, na flashi isikae ofisini.

Nyaya zikikatika huumia wengi kwa pamoja, si ofisi moja. Jirani yako akiwa anatazama video na wewe seva yako imekufa, usimkubalie mtu habari ya nyaya.

Wanachama wetu: kila mwenye kidaftari akilete ofisini kuanzia Jumamosi saa 3 asubuhi, hata kama kimeroa, hata kama kurasa zimechanika. Aliyetoa pesa Machi aje aseme alitoa ngapi. Mie nitakuwepo mezani, na mwaka huu naandika kwa kalamu na kwa kompyuta, vyote viwili.