Kupanda mlima Kahuzi kwa siku moja: msitu tano kwa tano, wakala wa mjini mbili kwa tano

Nianze na kilichoniudhi, nikimalize. Wakala tuliyemlipa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alituambia gari litakuwa mlangoni saa kumi na moja alfajiri. Lilifika saa moja kasoro. Na kile alichokiita chakula cha mchana kilikuwa mandazi mawili kwa kila mtu na juisi iliyopata moto njiani. Bahati shemeji yangu alikuwa amefunga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga kutoka nyumbani. Habari ya kuchelewa kule nitairudia, maana kulitugharimu kileleni.

Kuanzia Tshivanga, kituo cha mbuga ya Kahuzi-Biega, mambo yalinyooka. Tulipewa kiongozi mtu mzima, tukamwita Papa siku nzima, pamoja na walinzi wenye bunduki. Jambo ambalo wengi mjini wanalichanganya: kupanda mlima na kutembelea gorila ni safari mbili, na malipo yake mbalimbali. Kwa gorila, wafuata nyayo hujua familia ililala wapi, unavaa barakoa, unakaa nao saa moja. Mlimani hakuna anayekuahidi mnyama.

Na kweli gorila hatukuwaona. Ilikuwa Julai, kiangazi, njia kavu na nzuri kwa magoti, lakini gorila hupenda kuingia kwenye mianzi mvua za Septemba zikishaanza, machipukizi yakitoka. Badala yake Papa alitufundisha kusoma msitu. Alisimama ghafla, akainama mahali ambapo mimi niliona majani tu. "Angalia, dada. Hapa palilala mtu mukubwa." Majani yalikuwa yamekunjwa duara kama kikapu, na kinyesi kikavu pembeni. Kila jioni gorila hutandika tandiko jipya, hata kama la jana liko hatua chache tu. Baada ya hapo nilitembea nikitazama chini mpaka shingo ikauma.

Wanyama wa macho kwa macho: kima weusi wenye kidevu cheupe, kama sita hivi, walivuka mbele yetu bila haraka. Kisha ndege wa kijani, mkubwa, akaruka na mabawa yakawaka mekundu. Tembo msiwaulize. Papa alisema zamani wao ndio waliofungua njia huku juu. Majangili waliwamaliza wakati wa vita vya miaka ya 1990, na sasa mimea ya kutambaa imefunga kila kitu. Mlinzi wa mbele hakuweka panga chini hata mara moja.

Juu ya mianzi mlima unageuka mwingine kabisa. Miti inakuwa mifupi, imeota ndevu za kijivu, ardhi inabonyea kama godoro, na baridi inaingia hata chini ya koti. Kileleni, mita 3,308, kuna Senecio kahuzicus, mmea uliopewa jina la mlima wenyewe. Tulifika saa nane na nusu. Ukungu mtupu! Papa alisema wanaofika kabla ya saa sita huliona ziwa Kivu lote. Sisi tuliona mikono yetu. Hapo ndipo nilipomkumbuka wakala.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Chukueni fimbo, buti zinazoshika, maji lita mbili, na chakula chenu wenyewe. Na lipieni moja kwa moja Tshivanga kama mna gari. Sisi tulienda kabla waasi wa M23 hawajaingia Bukavu Februari 2025, kwa hiyo leo uliza kwanza hali ya barabara na ya mbuga.

Tulipofika kijiji cha Miti jioni, dereva akasimama kununua maparachichi. Nikageuka nyuma. Kahuzi iko wazi, kilele chote, hata wingu moja hakuna. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini barabarani.