Mifuko ya zipu ya friza: nimeijaribu kwa nguru wa Deep Sea

Asalaam aleikum, hamjambo wapenzi? Karibuni tena jikoni kwangu, hapa Ngamiani, Tanga. Mnaiona hii? Mifuko minene ya zipu, ya kuwekea chakula kwenye friza. Mmeniuliza sana kama ina faida au ni mbwembwe tu. Nimeitumia miezi miwili, leo naonyesha.

Wiki tatu zilizopita nilishuka Deep Sea, soko letu la samaki, asubuhi, nikanunua nguru, nikakatiwa vipande. Vinne nikavitia kwenye mfuko, nikavilaza bapa visipandane, nikatoa upepo kwa kiganja, hivi, nikafunga. Vinne vingine nikavirundika kwenye kopo la aiskrimu kama tulivyozoea. Friza moja, siku moja.

Haya, sogeza kamera. Hiki cha kopo, unaona huku pembeni kulivyopauka? Kama mguu wa mtu aliyetoka kuoga hajapaka mafuta. Ndani ya kopo kulibaki hewa, baridi ikanyonya maji ya samaki. Hakimdhuru mtu, ila hapo pakikaangwa panakuwa pagumu.

Sasa tazama sahani. Cha kopo kimetoa maji vijiko vitatu, cha mfuko hata kimoja hakijai. Vile vya kopo vilishikana vikawa donge, vikachelewa kuganda. Samaki akiganda polepole, barafu inafanya chembe kubwa zinazochanachana nyama, na siku ya kuyeyusha utamu unamwagika na maji. Kilicholala bapa kinaganda upesi, nyama inabaki imeshikana.

Kasoro zipo. Nilijaza mchuzi wa maharage mpaka juu, ukapasuka, nikakwangua friza usiku. Kosa langu: maji yakiganda yanatanuka, acha nafasi ya vidole viwili. Zipu nayo, katika mifuko kumi, miwili imeshagoma baada ya kuoshwa mara nne tano. Na tui msilaumu mfuko, tui likigandishwa linakatika. Mimi nagandisha nazi iliyokunwa, nachuja siku ya kupika.

Lakini mfuko umenifaa zaidi kwenye kuyeyusha, na hapa jamani tunajidanganya. Samaki anatolewa asubuhi, anaachwa kwenye karo mpaka adhuhuri. Kwa joto hili la Tanga? Nje ameshalegea na vijidudu vinazaana, ndani bado jiwe. Baridi ya friza haiviui, inavilaza tu. Na kwa jodari na vibua ni hatari zaidi: wakikaa kwenye joto wanafanya sumu iitwayo histamini, na hiyo haiondoki hata ukaange mpaka wakauke. Shemeji yangu alikula jodari wa namna hiyo, uso ukamwiva mwekundu, kichwa kikamgonga, sisi tukasema ana aleji. Mbona wiki iliyofuata tulimpikia jodari aliyevuliwa siku hiyohiyo, akala asipate kitu?

Ukikumbuka usiku, hamishia mfuko chini kwenye friji, asubuhi tayari. Ukisahau, kama mimi kila siku, uzamishe kwenye bakuli la maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa. Vipande bapa kama hivi havimalizi saa nzima. Kopo huwezi kulifanyia hivyo, maji yataingia. Na mkibadili mawazo, kilichoyeyukia kwenye friji mnaweza kukirudisha kugandisha, kitapungua ladha tu. Kilichoshinda kwenye karo, hapana.

Umeme nao. Wekeni kikombe cha maji kwenye friza, yakishaganda juu yake sarafu. Ukisafiri ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, umeme ulikatika muda mrefu, vyakula vikayeyuka vikaganda tena. Usionje, tupa.

Nimekaanga baadhi ya vya kopo na baadhi ya vya mfuko, nimewapa watu wa nyumbani bila kuwaambia kipi ni kipi. Wote wamekitambua cha kopo. Kisha nikapika vilivyobaki mchuzi wa nazi, na hapo sitawaficha: hakuna aliyejua tofauti. Kwa hiyo kama samaki wenu ni wa mchuzi tu, kopo linatosha, wekeni karatasi ya nailoni juu ya vipande kabla ya kufunika. Wa kukaanga na kuchoma, nunueni mifuko, ile mikubwa, na mwandike tarehe kwa maka kabla hamjatia kitu, ikishalowa kalamu haishiki.