Ziara ya mbege Marangu: kipi ulipie, kipi ukiache

Ziara za "siku ya Kichagga" zinazouzwa Moshi mjini zinafanana kama mapacha: gari asubuhi hadi Marangu, kihamba (shamba la ukoo lenye migomba), handaki, nyumba ya msonge, chakula cha mchana, kibuyu cha mbege (pombe ya ndizi na ulezi), ngoma kidogo, kurudi. Mtalii wa siku tatu zinamtosha. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi mambo yake ni mengine. Desemba Wachagga wakirudi nyumbani, majirani watamwalika kipaimara na send-off, apende asipende. Kwake ziara hii ni mazoezi: heri akosee hapa kuliko mbele ya wakwe wa watu.

Handaki, walikojificha watu na mifugo enzi za mapigano na Wamasai, ni jembamba. Anayeogopa kubanwa abaki juu. Msonge unapendeza, ng'ombe na watu chini ya paa moja, lakini robo saa inatosha.

Kazi yenyewe iko kwenye mbege, na hapo ndipo ziara nyingi zinapolipua. Mwongozaji anafunua sufuria, anasema "tunachanganya, tunakunywa", basi. Mbege halisi inakula karibu wiki nzima. Ndizi mbivu humenywa, huchemshwa mpaka zibadilike rangi kuwa nyekundu-kahawia, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Huku nyuma ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa juani na kusagwa. Unga huo hupikwa uji, uji ukapoa kabisa, ndipo huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa pamoja na gamba la mti wa msesewe. Mchanganyiko huo unalala usiku mmoja, kesho yake unanyweka. Ukikaa zaidi ya siku moja au mbili, unakuwa mkali.

Ukijua hayo, utamjua mwenye kujua. Uji ukimiminwa bado unatoa mvuke, hayo ni maigizo: joto linaua chachu, na asubuhi utakuta uji mtamu tu. Ulezi ambao haukuoteshwa haugeuzi wanga kuwa sukari, kinywaji kinabaki kizito kama cha kumlishia mtoto. Uliooteshwa ukaanikwa wakati wa mvua huvunda, na harufu yake haifichiki. Msesewe ndio unaoleta uchungu: ukizidi ulimi unakakamaa, ukipungua mbege inapooza. Mpishi mzuri atakuonyesha gamba lenyewe na kukueleza anatia kiasi gani. Asiyejua atakwambia "ni siri ya bibi".

Kwa hiyo usinunue nusu siku moja. Omba ziara mbili fupi, kwa mama mpika mbege yuleyule: ya kwanza siku ndizi zinapochemshwa, ya pili siku ya kunywa. Wengi wanakubali wakiambiwa mapema. Nauli ya pili si tatizo kwa anayeishi mjini, kwani daladala za Marangu Mtoni zinapita Himo kutwa nzima.

Sehemu ya kunywa inafundishwa vizuri kuliko zote. Mwenyeji huonja kwanza, kukuonyesha kwamba ni salama. Pokea kwa mikono miwili. Ulezi unaelea juu, upulize pembeni, usiuteme. Kibuyu kinazunguka, kwa hiyo usikikumbatie kama glasi yako ya baa. Usiyekunywa gusa midomo tu kisha mpe jirani. Kukataa kwa mkono ndiko kunakoudhi. Ukishukuru, "aika mbe" ni kwa baba, "aika mae" ni kwa mama. Wachagga wa Machame wana namna yao, usichanganye.

Mbuzi akichinjwa, usijichagulie nyama. Kila kipande kina mwenyewe, na mgeni husubiri apewe chake. Uliza pia kama supu ni kisusio, kwa sababu ina damu. Waislamu, Wasabato na wenye tumbo jepesi waseme mapema, si bakuli likishafika mezani.

Kasoro kubwa ya ziara hizi ni isale. Mgeni analiona jani la kijani linang'aa pembeni mwa shamba, analikata apigie picha, na mwongozaji anacheka. Isale ni mpaka wa kihamba, hupandwa makaburini, na ndilo jani anayeomba msamaha humpelekea aliyemkosea. Ukipeperusha isale kwenye harusi, wazee watauliza nani kamkosea nani. Mwongozaji asiyelieleza hilo mdai maelezo.

Bei hazina jedwali. Hifadhini kuna kiwango cha mkaazi, kijijini hakuna, hivyo onyesha kibali na ujadiliane kwa Kiswahili. Kabla ya kulipa, uliza kama ada ya kijiji, mwongozaji, chakula na mbege vimo, maana mbege ndiyo hutozwa pembeni ukishaketi. Kuanzia Machi hadi Mei vaa viatu vyenye meno, njia za kihambani zinateleza kama sabuni. Dereva apewe chai.