Kitabu cha Tabibu wa Ferrara, Kutoka Duka la Vitabu Vikuukuu, Mji Mkongwe

Kwa shilingi 12,000 nilinunua, katika duka dogo la vitabu vikuukuu Mji Mkongwe, kijitabu kinachosimulia maisha ya Isaac Lampronti, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Ferrara, Italia, mwaka 1679 na kufariki mwaka 1756. Habari za utoto wake ni chache na zimepooza. Ladha inaanza pale anapokwenda Padua kusomea utabibu, kisha anarudi kwao kutibu wagonjwa na kusomesha, huku akiandika kamusi kubwa ya sheria za dini, *Pahad Yitzhak*, iliyopangwa kwa alfabeti. Juzuu ya kwanza ilichapwa Venice mwaka 1750, na za mwisho zikasubiri hadi miaka ya 1880.

Sura niliyoirudia mara mbili ni ya chawa. Wanachuoni wa kale waliruhusu kumuua chawa siku ya Sabato, ijapokuwa siku hiyo ni marufuku kuua wanyama, kwa kuwa waliamini hazaliwi kwa dume na jike. Lampronti, akijua kwamba wataalamu wa zama zake wamethibitisha kuwa kila kiumbe hutokana na yai, akashauri mtu ajizuie. Mwalimu wake, Judah Briel, alimkatalia. Mwandishi amewapa wote wawili haki yao, jambo ninalolithamini sana.

Duka lenyewe silisifu. Kurasa nne zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikazibandua kwa ncha ya kisu, na muuzaji alikataa kunipunguzia hata shilingi mia tano.