Mashine Ilisoma 37.8, Vifaranga Wangu Wakafia Ndani ya Ganda

Kabla sijasema lolote kuhusu mashine yangu ya kutotolea vifaranga, niseme kuhusu yule kijana wa dukani aliyeniuzia, maana bila yeye huenda ningelia nyumbani kwangu nikanyamaza.

Nilipanda daladala kutoka Buhongwa hadi mjini Mwanza nikiwa na ndoo ndogo yenye mfuniko. Ndani kulikuwa na mayai 43. Nilikuwa nimepasua matano tu, mengine nikayaacha mazima ili ayaone kwa macho yake. Nikafika, nikasubiri amalize na mteja aliyetaka dawa ya minyoo, nikamsalimia vizuri, nikamweleza. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Mama, hayo mayai hayakuwa na jogoo. Mashine haina shida." Halafu akanyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi iliyoandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nilifungua ndoo. Nikatoa yai moja kati ya yale niliyoyapasua, nikaliweka juu ya kaunta, pembeni ya kitabu chake cha risiti. Kifaranga mzima alikuwa humo: manyoya yameota, meusi yenye mabaka ya njano, mdomo upo na kile kijino cheupe cha kutobolea ganda, kucha zipo, kichwa amekilaza chini ya bawa la kulia kama wanavyojipanga wakikaribia kutoka. Tumboni kiini kilikuwa bado kinaning'inia, hakijaingia ndani. Nikamuuliza, "Kijana wangu, yai lisilo na jogoo linaota manyoya?" Akasema namchafulia kaunta.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, na si tangu jana. Mteja akirudi na gunia akasema dagaa wana mchanga, namwaga mbele yake, tunachambua pamoja, nikiona kweli wana mchanga namfidia. Sijawahi kumwambia mteja kwamba mchanga kautia mwenyewe. Kwa hiyo ile kauli iliniuma kuliko hasara yenyewe, na hadi leo inaniuma.

Sasa mashine. Sifa zake, mayai mangapi inabeba, inakula umeme kiasi gani, mtayakuta kwenye matangazo. Niliichukua kwa mkopo wa kikoba, shilingi 290,000. Sababu ni kwamba wauza dagaa tuna siku zetu za njaa: mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii ziwani, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza. Siku hizo Mwaloni panapoa, na sisi tunakaa tunaangaliana. Nikasema hizo siku nifuge.

Mayai niliyafuata kwa mama mkwe Sengerema. Siku hizi tunapita darajani pale Kigongo–Busisi, hakuna kusubiri kivuko, lakini barabara ni barabara, nikapakata trei zangu mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Nilichagua mayai 56, yote ya ndani ya wiki moja, hakuna lenye ufa, hakuna kubwa kupita kiasi, wala sikuyaosha, maana ukiliosha yai unaliondolea ule utando unaozuia vijidudu kuingia. Nilipofika nikayalaza usiku mzima kwenye trei, upande butu juu, yatulie na mtikisiko wa gari. Ndipo nikayaingiza. Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba sikukurupuka.

Na niseme ukweli, wiki ya kwanza niliipenda ile mashine mno. Inageuza mayai yenyewe, kwa utaratibu, hata ukiwa sokoni. Maji yakipungua inapiga kelele. Siku ya 7 usiku nilizima taa, nikawaita watoto, nikamulika yai moja moja kwa tochi ya simu. Anayejua atanielewa. Ganda linawaka jekundu kama kaa la moto, halafu unaona mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi ya nyasi, na katikati kuna nukta nyeusi. Ukitulia, ile nukta inacheza. Mwanangu mdogo alishika mkono wangu akaninong'oneza, "Mama, anahema." Niliyatoa 7 tu: 5 yalikuwa meupe kabisa, hayo kweli hayakuwa na mbegu, na 2 yalikuwa na pete ya damu, maana yake yalianza yakafa. Mayai 49 yakabaki, yote yana mishipa. Arobaini na tisa! Halafu mtu anakaa kwenye kiti chake mjini anasema hayakuwa na jogoo.

Siku ya 18 nikazima kugeuza kama inavyotakiwa, nikaongeza maji ili unyevu upande, nikafunga. Na siku ya 19 alfajiri nikasikia sauti. Vifaranga wanatoka! Sisi tukafurahi, tukaona ni baraka, wamewahi siku mbili. Laiti ningejua kwamba kuwahi kule ndiko kulikuwa kilio.

Walitoka 6. Wawili walikuwa na vitovu wazi, vyenye unyevunyevu wa damu, wakafa siku hiyohiyo. Mmoja miguu ilikuwa imepinda nje, hakuweza kusimama, siku ya tatu akafa. Waliobaki ni watatu. Na wale wengine walikuwa wanalia ndani ya maganda. Niliwasikia. Mayai mawili yalikuwa yametobolewa tundu dogo, unaona mdomo unafunguka na kufunga. Nilikatazwa kuwasaidia, kwa sababu ukibandua ganda kabla ya wakati unaweza kuichana mishipa wakatokwa damu, basi nikakaa nimejikunyata mbele ya kile kioo mpaka usiku. Siku ya 20 sauti zikapungua. Siku ya 21, ambayo ndiyo siku yao halali ya kutoka, kulikuwa kimya. Nikasubiri hadi ya 23 kwa ukaidi wa matumaini tu.

Baada ya kutoka dukani na ndoo yangu nilimpigia mama mkwe nikamweleza nilivyoambiwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ana majogoo mangapi huyo aliyesema?" Yeye ana mawili kwa matetea kumi na nane. Jogoo mmoja anatosha matetea wanane hadi kumi. Nilijisikia vibaya kwamba maneno ya yule kijana yamefika mpaka Sengerema kwa mdomo wangu.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yetu, bwana mifugo mstaafu. Alikuja jioni, nikamwonyesha. Hakuuliza habari za jogoo hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja: "Wa kwanza walitoka siku ya ngapi?" Nikamwambia ya 19. Akatikisa kichwa. "Wakiwahi, joto limezidi. Wakichelewa, joto limepungua. Mwanangu, umewapika."

Nikamwambia haiwezekani, kioo cha namba kilisoma nyuzi 37.8, joto linalotakiwa, siku zote 19, sijawahi kukiona kimepanda. Akasema kioo kinasema kilichoambiwa. Tukachukua vipimajoto viwili vya homa, changu na cha kwake, tukavipitisha kwenye tundu la hewa vikalala usawa wa mayai, huku mashine imewashwa saa nzima na imetulia. Kioo: 37.8. Kipimajoto cha kwanza: 39.2. Cha pili: 39.3. Tulirudia mara tatu, mara ya tatu tukiwa kimya kabisa wote wawili.

Nyuzi 1.4. Mtu mzima akiwa na 39.2 tunamkimbiza hospitali, tena huyo ana jasho la kumpoza na maji ya kunywa. Kiumbe kilichofungiwa ndani ya ganda kitakimbilia wapi? Ndiyo maana kiini hakikuwa kimeingia tumboni, ndiyo maana vitovu vilikuwa wazi. Walikimbizwa na moto kutoka kabla hawajamaliza kujiumba.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu mnisikie. Kila niliyemuuliza kabla ya kununua aliniambia jihadhari na umeme kukatika. Nikajiandaa kwa umeme kukatika: blanketi, madumu, mkaa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nijihadhari na umeme ukiwapo. Kumbe kijusi cha kuku kinavumilia baridi ya saa chache kuliko kinavyovumilia joto lililozidi kidogo siku nzima, na hata kuku mwenyewe huondoka kwenye mayai akala, akanywa, akarudi. Joto la ziada halina kurudi.

Siku ile nilitaka kuandika neno moja tu: msiinunue. Ningeishia hapo ningelala vizuri.

Lakini yule mzee hakuniacha. Alisema mashine inageuza vizuri, feni inasambaza hewa vizuri, ugonjwa wake ni mmoja na tumeshaujua. Tukaiteremsha kwenye mipangilio mpaka kioo kikasoma 36.4, vipimajoto vyetu ndani vikasoma 37.8. Nikaenda tena Sengerema. Mama mkwe alinichagulia mayai 56 kwa mkono wake, akakataa hela.

Awamu hiyo usiku wa siku ya 12 umeme ulikatika kwa muda wa karibu saa nne. Nikaifunika mashine kwa blanketi, nikaziba matundu nusu, nikaweka madumu mawili ya maji ya moto pembeni, nikakesha. Umeme uliporudi nilimulika mayai machache, nukta zilikuwa zinacheza. Nilipiga magoti pale sakafuni nikamshukuru Mungu.

Siku ya 20 jioni ganda la kwanza likatobolewa. Kufikia siku ya 21 jioni walikuwa 41, kati ya mayai 48 yaliyopita kwenye tochi. Vitovu vimefunga, miguu imara. Niliwaacha humo humo wakauka, sikufungua kila dakika, maana kiini kilichoingia tumboni mwao kinawatosha siku mbili bila chakula. Mwanangu alitaka kumpa jina kila mmoja. Wiki iliyofuata nikawadondoshea chanjo ya kideri machoni, na mpaka leo wako 39.

Kwa hiyo nibadilishe kauli? Nimebadilisha. Mashine ni nzuri. Ukiwa na kipimajoto chako mwenyewe ndani yake, usawa wa mayai, na ukaipima siku mbili ikiwa tupu kabla hujaweka hata yai moja, itakufanyia kazi. Kipimajoto cha homa ni hela ndogo sana, hakifiki hata bei ya trei moja ya mayai.

Lakini hapana. Kila nikiandika "ni nzuri" naona ile ndoo. Kwa nini kipimajoto ninunue mimi? Kwa nini mtu anauza kitu ambacho kazi yake yote ni kushika joto, na hajui, au hajali, kama kinashika joto lipi? Angeiwasha saa moja tu dukani mbele yangu, akaipima, tukarekebisha pamoja, vifaranga wangu 43 wangekuwa wanakimbia uani sasa hivi, na ule mkopo wa kikoba ningekuwa nimeshaumaliza. Kikaratasi cha maelekezo kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, sehemu ya kurekebisha kipimo imo, mzee aliitafuta mpaka akaiona. Muuzaji ndiye alipaswa kuijua hiyo sehemu, si mzee wa watu aliyestaafu.

Wiki iliyopita kijana alinipigia. Sijui nani alimweleza, nadhani ni mama mmoja niliyemsimulia Mwaloni naye akaenda kununua kwake. Safari hii sauti ilikuwa tamu. "Shikamoo mama. Nimesikia umepata vifaranga wengi, hongera sana. Naomba picha niweke kwenye status, wateja waone mashine inavyototoa."

Nilimwitikia marahaba, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Nikamwambia picha nitatuma mbili, ya wale 41 na ya wale 43, na aziweke zote, na chini yake aandike kwamba mashine ilikuwa inadanganya nyuzi 1.4 na mayai yalikuwa na jogoo. Akifanya hivyo nitamletea wateja mimi mwenyewe, nitawaleta Mwaloni nzima.

Akasema atanipigia baadaye. Nilizituma zote mbili dakika hiyohiyo. Tiki ni za bluu, ameziona.